Tovuti Iliyofunguka Jikoni kwa Mama

Tovuti ya nyumba ya wageni ya mama yangu ni nyepesi kuliko picha moja ya harusi kwenye simu yako. Nimeanza kwa kujisifu, na ni makusudi, kwa sababu kwetu Utende, kisiwani Mafia, kujisifu ni aibu na sifa hii nimekaa nayo kifuani mpaka inaniwasha. Niliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa kompyuta ambayo betri yake ilishakufa na ukigusa waya tu inazima kama imetukanwa. Sikuajiri mtu wala sikukodi kitu. Na inafunguka.

Kwa nini kufunguka tu kuwe jambo la kujivunia, inabidi nianze na nyumba yenyewe. Mama alilima mwani katika ujana wake, halafu akaenda kupika kwenye hoteli moja ya watalii hapo hapo Utende, na kila alipopata chochote alinunua matofali. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kaka yangu na mimi tulikua tukiruka rundo la matofali uani, na rundo lile halikuwa likiongezeka kwa haraka. Ila nyumba ilisimama: vyumba vitatu vya wageni, baraza, na jiko la bati nyuma, pembeni ya njia inayokwenda kwenye ofisi za hifadhi ya bahari. Siku ilipopigwa bati la mwisho mama aliaga hotelini, akaanza kupokea wageni wake.

Wageni hao walikuwa wakiletwa na wakala mmoja wa Dar es Salaam. Mtu wa adabu, nisimsingizie. Akifika alimwamkia mama shikamoo kabla hajaweka mkoba chini. Lakini msimu mmoja wageni wakapungua, msimu uliofuata wakakauka kabisa, na hapo ndipo alipokuja na pendekezo lake. Sisemi kwamba yeye ndiye aliyewazuia. Nasema walikauka, kisha akaja. Alieleza kwamba siku hizi nyumba isiyo na tovuti ni kama haipo. Yeye angeikodi yote kwa miaka kumi, aitengenezee tovuti, aibadilishe jina, alete wapishi wake, na mama akapumzike kwa kaka yangu mjini.

"Mama, umechoka," alimwambia. "Niachie mimi nikuendeshee."

Mama aliinua birika. Alimwongezea chai.

Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari Kilindoni, mji wetu wa kisiwani, nachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Niliposikia habari ya miaka kumi damu ilinichemka. Nilimwambia mama asitie saini popote, tovuti nitaitengeneza mimi. Alinitazama kwa jicho analomtazamia mtu aliyesema atapika pilau la watu mia peke yake.

"Haya," akasema. "Lakini sikai nikisubiri mpaka nizeeke. Papa wakiingia na hatujapata mgeni wetu wenyewe, aliyekuja bila kuletwa na mtu, natia saini."

Papa aliowasema ni papa potwe, wale wakubwa wasiodhuru mtu, ambao kila mwaka husogea upande wa Kilindoni na watalii huja kuogelea nao. Wakishaingia msimu umeanza, na nyumba isiyo na wageni wakati huo haitapata wageni wakati mwingine wowote. Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, lilikuwa bado linavuma, na papa huja likishatulia. Nilikuwa na muda, ila si mwingi, na niliogopa.

Nilianza kama anavyoanza kila mtu, kwa kuuliza wenye kampuni. Kampuni moja ya mjini ilinitumia bei yake. Niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikanuna. Waliahidi video ya bahari inayocheza yenyewe mtu akifungua, na ramani inayozunguka, na sehemu ya kuzungumza na mgeni saa yoyote, kana kwamba mama angeamka usiku kuzungumza na mtu aliyeko Ulaya kuhusu mto wa kulalia.

Njia ya pili ilikuwa zile huduma zinazokupa tovuti iliyokwisha shonwa, wewe unatia maneno na picha zako tu. Hii iliniteka, sitaki kudanganya. Ndani ya mchana mmoja pale dukani nilikuwa na kitu cha kupendeza: picha ya mnazi, herufi za madaha, vitufe vinavyobadilika rangi ukivigusa. Nilirudi Utende nikitembea kwa maringo. Nikaingia jikoni, nikampa mama simu. Kiduara kikaanza kuzunguka. Mama alikuwa ameinjika wali. Akageuza kwa mwiko, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, na kiduara kinazunguka. Wali uliiva. Mnazi wangu ulikuwa haujafika.

"Labda kesho," mama akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko angenicheka.

Tena huduma yenyewe ilitaka kadi ya benki na malipo ya kila mwezi. Mwezi usiolipa, wanafunga. Na nikitaka kuhama, siruhusiwi kubeba kitu zaidi ya maneno yangu. Umbo lote linabaki kwao. Nilikaa barazani nikalifikiria hilo, nikaona ujinga wake. Tulikuwa tunamkimbia mpangaji mmoja tukaingie kwenye upangaji mwingine, na huyu wa pili hata shikamoo hatoi.

Hapo ndipo bibi yangu alipoingia katika habari hii, ingawa alishafariki zamani na hakuwahi kuiona kompyuta. Nililelewa naye miaka kadhaa kisiwani Jibondo, wakati maji yakiletwa kwa chombo cha baharini, kwa madumu na mapipa. Jibondo ni pakavu. Bibi alikuwa akitawadha kwa kikombe kimoja na kikombe kikabaki na maji. Maji aliyooshea mchele yalikwenda kwa kuku. Sisi watoto tulioga tumesimama ndani ya beseni, na yaliyobaki kwenye beseni yakaoshea sakafu. Hakuwa akilalamika hata kidogo; alikuwa akiona fahari. Mtu akitoka kwetu akaenda kule akamwaga maji ovyo, bibi alimwonea huruma kama mtu ambaye hakufundishwa kazi.

Mimi nilifundishwa. Na bando la intaneti Mafia, kwa macho yangu, ni maji ya Jibondo. Linakuja kwa shida, linakatika, na kila anayefungua tovuti yako anachota kwenye dumu lake. Kwa nini nimwagie mtu dumu zima kwa sababu ya mnazi?

Nikachukua njia ya tatu, ambayo chuoni Dar es Salaam, nilikosomea cheti cha kompyuta, tuliidharau tukiiona ya kizamani: kuandika kurasa kwa mkono. Programu ya kuandikia ilikuwa ya bure. Mahali pa kuiweka tovuti palikuwa pa bure pia, kwa kuwa wapo wanaokubali kukutunzia kurasa nyepesi bila malipo ikiwa huna makuu. Nilicholipia ni jina la tovuti tu, linalolipiwa mara moja kwa mwaka, na nililipa kwa simu nikiwa kwenye foleni ya samaki. Yaliyobaki yalikuwa kazi, na kazi siiogopi.

Kila kitu nilichotaka kuweka nilikiuliza swali la bibi: kina kazi gani? Herufi za madaha, hazina kazi. Simu ya mgeni ina herufi zake. Ramani inayozunguka, haina kazi. Nikaandika kwa maneno kwamba ukishuka uwanja wa ndege wa Kilindoni mwambie mwenye bajaji akupeleke Utende, na ukiliona jiko la bati linalofuka moshi umefika. Mfumo wa kuhifadhi vyumba nao niliutupa. Vyumba vyenyewe vitatu, kichwa cha mama kinatosha. Picha nilibakiza chache, nikazipunguza, nikazipunguza tena, mpaka zikawa ndogo lakini shuka bado linaonekana jeupe.

Kitu kimoja niliongeza ambacho hakimo kwenye tovuti yoyote iliyoshonwa tayari. Mawakala huuza safari ya magofu ya Kua, kule kisiwani Juani, siku yoyote anayotaka mgeni, halafu mgeni anafika anakuta maji yametoka na boti imekaa kwenye tope. Mimi niliweka orodha ya siku ambazo maji yanajaa vizuri, siku za bamvua, nikawa naibadilisha kwa mkono kila mwezi ukiandama. Kila mtu Utende anazijua siku hizo bila kufikiri. Ilikuwa ajabu kwangu kwamba hakuna aliyewahi kumwambia mgeni.

Na kipimo changu kilikuwa kimoja. Nilikuwa narudi kutoka Kilindoni, naingia jikoni, pale chini ya bati ambapo mtandao unakufa, nafungua. Ikisitasita natoka na simu yangu, napunguza kitu. Mama alizoea. Akiniona mlangoni anauliza, "Leo je?" Na siku moja nikagusa, na kabla sijaondoa kidole ukurasa wote ukawa upo, picha na maneno na siku za bamvua. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Sasa nikuambie kosa letu, maana tulifanya moja, na sidhani kuna watu wengine duniani wangelifanya.

Maneno ya tovuti niliyachukua kwa mama mwenyewe. Nilimwambia, wewe sema kama unavyompokea mgeni, mimi naandika. Akajifuta mikono, akakaa vizuri, akasema kwa heshima zote: "Karibuni kwetu. Hatuna makubwa. Vyumba ni vya kujibanza tu, na chakula ni cha kuungaunga. Mtatusamehe kwa upungufu wote mtakaouona." Nikayaona mazuri sana. Ndivyo anavyosema mtu mwenye malezi. Nani aliyelelewa vizuri atakuwekea sinia la wali wa nazi na pweza mbele yako akuambie ni tamu? Anakuambia hakuna kitu, na wewe unajua. Nikayatia kwa Kiswahili, nikayatafsiri kwa Kiingereza kwa uaminifu mkubwa, sikuacha hata neno.

Tovuti ikawa inafunguliwa. Nilikuwa na kihesabu kinachonionyesha. Watu wa huku na huko walikuwa wanaingia, wanasoma, wanatoka. Hakuna aliyeandika. Kusi likaanza kulegea na mimi nikaanza kukosa usingizi. Mpaka siku moja, nikiwa dukani nachapa barua ya mtu ya kuomba kazi, ukaingia ujumbe wa mwanamke mmoja wa mbali. Alikuwa na lugha ya upole. Alisema amependa kwamba tovuti yetu inafunguka upesi na kwamba tumeandika siku za maji. Ila alikuwa na wasiwasi. Je, nyumba ina tatizo gani? Na chakula kina nini? Anauliza kwa sababu mume wake ana tumbo dhaifu.

Nilicheka mpaka mwenye barua akadhani namcheka yeye. Halafu kicheko kikakatika, nikaona jinsi wageni wote wale waliotangulia walivyosoma, wakatuonea huruma, wakaenda zao.

Jioni nilimsomea mama. Hakucheka hata kidogo.

"Sasa anataka nijisifu?" akauliza. "Niandike kwamba napika vizuri? Watu wa hapa wakisoma wataniona mimi nani?"

"Mama, wa hapa hawalali kwako. Wanaolala wanataka kujua."

"Waje waone."

"Hawaji kwa sababu umewaambia wasije."

Tuligombana, tena si kidogo. Nilimwambia adabu zake zitampeleka kwa kaka akakae chumba cha uani aangalie televisheni. Nilijua nimeshika pabaya, lakini nilikuwa nasema kweli na nilikuwa naogopa zaidi yake. Akainuka, akaanza kuanua shuka kwenye kamba, na mimi nikaenda kumsaidia kukunja kwa sababu hakuna mtu anayeweza kukunja shuka kubwa peke yake.

Tukiwa tumeshika ncha, nikamwuliza tu: shuka hizi zinafuliwa lini? Akajibu kwa hasira bado: "Kila mgeni akitoka. Zinaanikwa juani, si ndani." Samaki je? "Ufukweni asubuhi boti zikirudi. Zisiporudi na kitu tunapika maharage ya nazi, na tunamwambia mtu mapema." Umeme? "Unakatika. Kila chumba kina taa ya jua." Na kelele? "Kelele gani? Adhana ya alfajiri ataisikia, msikiti uko hapo. Mwenye usingizi mwepesi apewe chumba cha nyuma."

"Hayo," nikamwambia. "Hayo ndiyo naandika."

"Hayo si kujisifu?"

"Umejisifu wapi? Umesema shuka zinafuliwa."

Alilifikiria hilo wakati tunakunja la pili. Akasema kama ni kweli tupu basi haina ubaya, ila nisiongeze hata neno moja la sukari. Sikuongeza. Nilifuta vya kujibanza na vya kuungaunga, nikaweka shuka, boti, maharage, taa na adhana, kwa mistari mifupi, kwa lugha mbili. Ukurasa ukazidi kuwa mwepesi. Kweli tupu haichukui nafasi. Nikamwandikia yule mwanamke wa mbali kwamba nyumba haina tatizo, ila mwenye nyumba ana adabu nyingi, na nikamwomba asome tena.

Siku zikapita kimya. Kisha asubuhi moja Kilindoni ikawa gumzo: papa wameonekana. Kila aliyeingia dukani alikuja na habari hiyo, na kila mmoja alinitoboa nayo bila kujua. Nilikuwa nikiwaza jinsi nitakavyoingia jikoni jioni ile. Karibu na adhuhuri simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa yule mwanamke. Wamesoma tena. Wanataka chumba cha nyuma, kwa sababu mume ana usingizi mwepesi pia, na waje siku za bamvua wapate kwenda Kua. Na kama tungeweza, siku moja mama awapikie yale maharage.

Niliomba ruhusa nikaenda Utende. Mama alikuwa ameshasikia habari za papa. Habari hizo hazisubiri. Nilimsomea ujumbe mara ya kwanza, akanitaka nisome tena. Nikamwambia, nikijaribu kuwa mkweli kama tovuti yangu, kwamba papa wameonekana asubuhi na ujumbe umekuja baadaye, kwa hiyo kwa maneno yake mwenyewe huenda tumechelewa.

"Wameonekana wangapi?" akauliza.

"Wanasema wawili."

"Wawili hawajaingia," mama akasema. "Wawili wanachungulia."

Nilijua hapo kwamba alikuwa akiutaka ujumbe ule kuliko mimi.

Wakala alikuja kabla ya wageni wetu, na mkataba wake ndani ya mkoba. Alimwamkia mama, mama akaitika marahaba, akamwambia kwamba tumepata mgeni. Tulikuwa jikoni. Alisimama mlangoni, akatabasamu kwa wema kabisa.

"Mama yangu, mgeni mmoja si biashara."

"Ni mmoja," mama akasema. "Lakini hakuletwa na mtu."

Akaomba jina la tovuti, nikamtajia. Aliliandika kwenye simu yake, akajiegemeza kwenye mhimili kama mtu anayejua atasubiri. Hakusubiri. Nilimwona anajiweka sawa, anasogeza kidole juu na chini, anasoma kuhusu shuka, anasoma kuhusu maharage, anafika kwenye siku za bamvua na kukaa hapo muda mrefu. Akauliza ni kampuni gani imetufanyia.

"Kampuni ndiyo hiyo," mama akasema, "inamenya vitunguu."

Aliniangalia, mimi na macho yangu yanayotoka machozi ya vitunguu. Akasema, "Ni nzuri," na kwa kweli alisema kama mtu anayemaanisha. Niliinamisha kichwa kusubiri jibu la mama, ambalo nalijua tangu utotoni. Ukimsifia wali, anasema umekosa chumvi. Ukimsifia mtoto, anasema mvivu. Angesema ni ya kuungaunga tu, wakala angecheka, mkataba ungetoka mkobani, na mazungumzo yangeanza upya.

Mama aliweka mwiko chini.

"Nyumba hii niliijenga mwenyewe," akamwambia. "Mlango kautia mwanangu. Sikodishi."

Kisha akamkaribisha chakula, maana wali ulikuwa umeiva, na wakala akala vizuri akaaga kwa adabu. Mama alikuwa hajawahi kunisifu mbele ya mtu kabla ya siku ile. Hajanisifu tena tangu hapo, na sidai.